Popi Amehamia Barazani kwa Jirani

Jamani, leo nimedharauliwa na mbwa mbele ya mtaa mzima! Nimekimbilia saiba, kwenye kompyuta za kukodi, niwaandikie nyote kabla hasira haijanipoa.

Tangu tumtoe Popi kwenye makao ya mbwa tukamleta kwetu Mbaraki, amejificha chini ya kitanda. Mume wangu humkumbatia, watoto humbusu, mimi humsukumia maini mdomoni.

Hali kitu. Atetemeka tu.

Asubuhi mlango ulibaki wazi, akatoka mbio. Nikamkuta wapi? Barazani kwa jirani yetu, Bi Zuhura! Huyu ndiye aliyetuonya siku ya kwanza: "Mbwa ni wenu. Mate yake msiniletee, mie nina udhu wangu."

Nikaanza kuomba radhi tokea mbali.

Radhi ya nini? Bi Zuhura alikuwa akipaa samaki wake magamba, kampa Popi mgongo, amtupia vichwa bila hata kumtazama. Na Popi avila vyote! Mkia wacheza!

Nikamwita, mikono nimeitandaza. Akajificha nyuma ya Bi Zuhura!

Bi Zuhura akaruka kando, akakusanya leso aliyojifunga isiguswe. "Mwanangu, mie simgusi kwa ajili ya dini. Nyinyi mwamsonga hivyo kwa ajili ya nini? Mwacheni apumue!"

Ati mimi ndiye msumbufu! Niambieni, hii ni haki?

Basi nikaketi mlangoni pangu, mgongo nimempa Popi, kichwa cha samaki nimekiweka kando yangu.

Akaja. Akala. Akarudi zake kwa Bi Zuhura.