Harusi Tuliyoitoa Kitabuni

Riwaya yenyewe ilikuwa nene, ya Kifaransa cha zamani, na mwalimu wetu aliibeba kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika sinia la chakula. Uhuru ulikuwa na miaka michache, na waasi walikuwa bado hawajaingia mjini. Mimi nilikuwa msichana wa mtaa wa Kabondo, nimekubaliwa kuanza shule ya ualimu likizo ikiisha. Shule hiyo haikupokea wake za watu. Hilo lilisemwa wazi tangu mwanzo.

Mwalimu alitoka Maniema, Mkristo mpole, naye alitaka kuigeuza riwaya hiyo iwe mchezo wa kuigiza kwa Kiswahili, ili hata mama zetu waijue. Alitueleza hadithi. Msagaji wa nafaka mwenye kinu cha maji ana binti mmoja. Askari aliyerudi kutoka vitani anamtaka. Baba anakataa, anakataa tena, mwishowe anakubali, na wanaoana kanisani. Nilistaajabu kuona kitabu kikubwa vile kinatosha ndani ya maneno machache, nikauliza kurasa nyingine zote zinasema nini.

"Zinasema jinsi watu wanavyofikiri," akanijibu.

Sikulielewa jibu hilo, lakini nililipenda.

Shida ilianza na kinu. Mwalimu alichora ubaoni gurudumu linalozungushwa na mto, na kila aliyelitazama alisema ni mtego wa samaki wa Wagenia, wavuvi wa mto wetu. Basi msagaji akafanywa mvuvi. Ndipo alipoingia tonton, baba yangu mdogo.

Tonton alikuwa mdogo wa marehemu baba yangu, naye ndiye aliyenilea. Alikuwa fundi cherehani, Mwislamu wa zile familia za zamani za mjini. Aliposikia nataka kucheza bibi harusi, hakukataza. Aliweka sharti: "Mutoto ya ndugu yangu hatasimama mbele ya watu bila mimi. Baba yake katika mchezo, ni mimi." Mwalimu alifurahi sana. Ila tonton hakutaka uvuvi. Alisema wateja wakimwona na nyavu watadhani sindano imemshinda. Kwa hiyo msagaji aliyekuwa mvuvi akawa fundi cherehani, na mashine ya tonton mwenyewe ikapandishwa jukwaani. Padri naye aliondolewa, kwa kuwa kwetu msichana huozwa na walii wake, yaani baba au anayeshika nafasi ya baba. Kidogo kidogo Ufaransa yote ikatoka, tukabaki sisi.

Walibishana mahali pamoja tu. Katika kitabu, padri anamwuliza binti, naye anajibu ndiyo kwa sauti. Mwalimu alitaka neno hilo libaki. Tonton akamweleza kwamba kwetu msichana aliyelelewa vizuri akiozwa hunyamaza, na kunyamaza kwake ndiyo jibu. "Akisema ndiyo mbele ya watu," akasema, "wataniuliza nani alimufundisha haraka hiyo." Tulicheka, na neno likafutwa. Kwenye mazoezi, kila alipofika kwenye maneno ya kuoza, tonton alipunga mkono tu na kusema haya yanajulikana, tukaendelea.

Siku ya mchezo uwanja wa shule ulijaa. Aliyecheza askari alikuwa kijana fundi baiskeli, Mwislamu kama sisi. Nje ya mazoezi sikuwahi kuzungumza naye. Tonton alipoona wazee wa msikiti wameketi mstari wa mbele, hakupunga mkono. Aliushika mkono wa kijana, akamhimidi Mungu, akasema taratibu: "Ninakuoza binti wa marehemu ndugu yangu, kwa mahari ya gunia moja la mchele."

"Nimekubali kumuoa," akajibu kijana.

Nami nikanyamaza, kama nilivyofundishwa.

Watu walipiga makofi. Wazee hawakupiga. Katika mchezo nilikuwa binti yake tonton. Binti wa ndugu yake nilikuwa nyumbani, na huyo ndiye aliyemtaja.

Kesho yake shehe alituita barazani kwake: tonton, mwalimu, kijana na mimi. Alikuwa mtu wa sauti ndogo, aliyenisomesha Kurani tangu utoto. Alitueleza kwamba ndoa ni katika mambo ambayo mzaha wake huhesabiwa kama kweli. Walii alikuwepo, mahari ilitajwa, kijana alikubali, na mashahidi walijaa uwanja. Mwalimu, aliyeketi karibu na mlango, aliuliza kwa adabu kama gunia la jukwaani, lililojazwa maganda ya mpunga, linaweza kuwa mahari. Shehe alitabasamu, akasema lililotajwa ni la mchele. Tonton alitazama viatu vyake. Mimi niliiona shule ya ualimu ikifunga mlango.

Kisha shehe akanigeukia. "Mutoto, ulinyamaza. Kunyamaza kwako kulikuwa jibu?"

"Shehe," nikasema, "kitabu kilisema niseme ndiyo. Tonton alisema ninyamaze. Mimi mwenyewe sikuulizwa na mutu."

Shehe alisema hapo ndipo penye shaka, na penye shaka yeye hushika njia ya salama. Hakusema ndoa ipo, wala hakusema haipo. Kama hatutaki, kijana atamke talaka, nisije nikabaki nimefungwa na jambo lisilojulikana. Kijana angeweza kukataa. Lakini aliniuliza, mbele ya wote: "Wewe unataka nini?"

"Shule."

Akaitamka talaka, kwa sauti ya chini. Shehe akaongeza kwamba, kwa tahadhari hiyo hiyo, nusu ya mahari ni haki yangu. Jioni ile kijana alileta nusu gunia la mchele juu ya baiskeli, mchele wa kweli safari hii.

Ndio tuliokula waasi walipoingia, nami hadi leo namshukuru Mungu kwa mchele ule. Shule haikufunguliwa. Watu wenye vitabu vya Kifaransa walikuwa wakitazamwa vibaya na waasi, kwa hiyo mwalimu, kabla ya kukimbilia kwa shemeji zake Opala, aliiacha riwaya kwetu, na tonton akaificha ndani ya kitambaa cha suruali. Tukiwa tumejifungia ndani, niliisoma, polepole, kwa Kifaransa changu cha shule. Nilipofika kwenye harusi nilishangaa. Padri anauliza, na binti hajibu upesi. Kwanza zinapita kurasa nzima za mawazo yake: mto, mikono ya baba yake, kama kweli anamtaka mtu huyu. Halafu ndiyo. Kurasa hizo sisi tulizitupa, maana jukwaani kufikiri hakuonekani.

Vita vilipita. Mwalimu alirudi salama, shule zikafunguliwa, na siku moja kijana wa baiskeli akaja kwenye mashine ya tonton. Hakuzungumza na tonton. Aliniuliza mimi, kwa maneno wazi, kama nitakubali kuolewa naye.

Nilinyamaza, kwa sababu nilikuwa nafikiri. Tonton akaanza kutabasamu, nikaona anaanza kuuhesabu ukimya wangu kuwa jibu.

"Bado," nikasema. "Nimalize shule kwanza."

Kijana alimwomba tonton ruhusa ya kungojea pale kwenye benchi. Tonton akamwambia benchi ni ya wateja. Akitaka kuketi, alete suruali.

Alileta suruali nyingi.