Ishirini Yake na Themanini ya Mwenzake

“Mimi nipewe ishirini, yule themanini? Kwani moyo wangu ni wa kuku?”

Mdogo wangu, fundi rangi, aliyasema hayo kwenye dirisha la dawa, foleni nzima ikisikiliza. Yeye na fundi cherehani walilazwa vitanda jirani, wote kwa mshtuko wa moyo. Walipotoka wakalinganisha miligramu kwenye pakiti zao za dawa ya kupunguza mafuta kwenye damu, na wangu akaona amepunjwa. Mfamasia alipotaka kumweleza, akamwita mwizi, akaondoka.

Ndivyo alivyo tangu utoto: nyama yake ndogo, shuka lake fupi. Amepaka kuta za watu maisha yake yote, na hajawahi kumaliza chumba bila kuuliza wa chumba cha pili kalipwa nini.

Nikadhani yameisha. Kumbe fundi cherehani, kwa huruma zake zisizo na akili, alimwazima vidonge vyake vya themanini, na huyu akawa anavimeza pamoja na vyake. Miguu ikamuuma hata ngazi hapandi. Eti uchovu! Nikapekua koti lake la kazi, nikavikuta. Nilimsema mpaka koo likakauka, kisha nikamkokota hadi dirishani.

Mfamasia akatuonyesha majina kwenye pakiti. Ni dawa mbili tofauti. Ishirini ya hii inakaribia nguvu ya themanini ya ile. Kuzimeza pamoja kunaweza kuharibu misuli, hata figo.

“Wewe,” nikamwambia, “rangi ya mafuta na ya maji unazipima kwa ukubwa wa kopo?”

Akamgeukia mfamasia. Akaomba radhi huku anaangalia viatu vyake, akapelekwa kupimwa damu.

Daktari aliyewaandikia nilimkabili pia: alishindwa nini kusema neno moja? Akasema wagonjwa ni wengi. Ni wengi kweli, lakini mdogo wangu ni huyu mmoja.

Jioni fundi cherehani akabisha hodi, kaona haya. Dawa zimemwishia na siku ya kliniki bado. Alikuwa analala bila kumeza kitu. Nilitaka kuwagonganisha vichwa wote wawili.

Mdogo wangu akamrudishia vilivyobaki. “Vingine nimeshavila, kaka.”

“Hivyo sikudai. Ila usiniombe tena.”

Nikamletea fundi cherehani maji, nikasimama pale pale mpaka akameza kimoja.