Mkwe wa Butere Asiye na Kadi

Ukiambiwa sasa hivi uthibitishe kwamba una haki ya kulala nyumbani kwako, utatoa nini?

Bramwel Wandera, fundi wa vitanda kando ya Ngong Road, karibu na maduka ya Adams, alidhani ana jibu. Alizaliwa upande wa Uganda, akaja Nairobi akiwa kijana, akamwoa Caren, binti wa Butere. Siku aliyopeleka ng'ombe kwa wakwe zake, chifu wa huko alikuwepo. Alikula nyama, akajipangusa midomo, akasema mbele ya watu, "Kuanzia leo huyu ni mtoto wetu." Bramwel akajua mambo yameisha. Mtoto wa watu aandikishwe tena wapi?

Lakini sheria haikula ile nyama. Sheria inamtaka mgeni anayekaa Kenya zaidi ya miezi mitatu ajiandikishe, apewe kadi. Mpaka ulichorwa na watu ambao hawakuwa na shamba huku wala kule, na leo anayetetemeka ni fundi wa vitanda.

Alianza kutetemeka Jumatatu, Mwaura, mwenye ploti waliyopanga chumba Kinoo, alipobisha mlango.

"Fundi, kila mtu amenionyesha kitambulisho. Chako ndio sijaona."

"Nitakileta, mzee."

"Kabla ya Ijumaa. Polisi wanapita kuangalia wageni, na mimi nikiingia korokoroni, vitanda vyako havitanitoa."

Faustin, kinyozi Mkongomani aliyepanga chumba cha jirani, alimcheka.

"Ndugu, unasumbuka nini? Mimi nikikohoa tu wanajua nimetoka Kongo. Wewe unafanana nao mpaka kisigino. Nyamaza. Mimi mwenyewe nimenyamaza."

Bramwel hakuweza kunyamaza vizuri. Alhamisi alienda mjini mpaka ofisi ya uhamiaji. Askari wa mlangoni akamwuliza kwa upole, "Nikusaidie, mzee?" Upole huo ndio uliommaliza. Aliona swali litakalofuata: umekaa Kenya tangu lini? Akajiona amerudishwa mpakani, naye Ivyne, binti yake, akikua akimjua baba kwa simu. Akasema anatafuta choo, akaondoka mbio mbio kama aliyeiba.

Mchana huo alikata mguu mmoja wa kitanda ukawa mfupi. Zedekiah, mwenzake wa kazi, akakitikisa.

"Hiki ni cha kulala ama cha kubembea?"

Bramwel alikigeuza, akaanza kuupima mguu upya.

Jioni alimkuta Caren akipiga pasi ile suti aliyoivaa siku ya ng'ombe.

"Baba Ivyne, kwetu ulikuja mchana kweupe, ukapita katikati ya boma. Hii ya serikali mbona unaizunguka kama mlevi?"

"Wakinirudisha?"

Caren aliigeuza suruali, akapiga pasi upande wa pili. "Sijui," alisema. "Hilo sijui. Lakini kesho nitakuwa kwenye hiyo foleni ya uhamiaji na wewe. Ivyne atabaki hapo jirani kwa mama Debra."

Asubuhi walitoka mapema, yeye amevaa suti, Caren amejifunga kitambaa cha kanisani. Hawakufika barabarani. Langoni palikuwa na gari la polisi, na askari wawili walikuwa wakimtoa Faustin. Alikuwa na malapa miguuni, mashine ya kunyolea bado mkononi, kana kwamba kuna kichwa alikiacha nusu. Alimtazama Bramwel mara moja, kisha akatazama chini, kama mtu asiyemjua kabisa.

Askari mmoja akageuka. "Na nyinyi mmependeza hivi mnaenda wapi?"

Bramwel alihisi kucha za Caren kwenye mkono wake. Ingetosha kusema harusi.

"Mimi ni Mganda, afande," alisema. "Sijajiandikisha. Ndio naenda."

Askari aliitazama ile suti kuanzia kola mpaka kwenye pindo. Akafungua mlango wa nyuma.

"Panda, basi. Utaeleza huko."

Caren alikuwa ameshapanda.