Fundo la Kumi na Tano

Mume wangu alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo hapa Tabora, na nadhani alilipenda neno kuahirisha kuliko alivyonipenda mimi. Nikimwambia paa linavuja, "Tuliahirishe hadi mwisho wa mwezi." Nikimwambia nataka kwenda Ujiji kumwona mama yangu, ambaye sikuwa nimemwona tangu harusi, "Hilo nalo linaahirishwa." Hadi lini? "Hadi itakapotangazwa." Jioni redio ikisema Bunge limeahirishwa hadi kesho saa tatu asubuhi, alijiweka sawa kitini na kufunga kifungo cha shati, utadhani Spika yuko sebuleni kwetu.

Siku moja nikamchokoza. Nikamwuliza kuna tofauti gani kati ya kuahirisha jambo na kulitupa.

"Kubwa sana, bibie," akasema. "Kilichofutwa kimekufa. Kilichoahirishwa kimelala tu, na kina siku yake ya kuamka. Hata mkutano wa balozi wa nyumba kumi ukiahirishwa, watu huambiwa warudi lini."

"Na kisipotajiwa siku?"

"Hicho kinangoja."

Basi mimi nilikuwa nikingoja. Tulikuwa na miaka sita ya ndoa na vyumba viwili mtaa wa Chemchem. Hatukuwa tumejaliwa mtoto, na kila nilichokitaka kilikuwa kimelala bila siku ya kuamka.

Ilikuwa ile miaka ya operesheni ya vijiji. Malori yalipita yamebeba watu, kuku na milango iliyong'olewa, na mtu uliyemwacha mahali Jumatatu ungeweza usimkute Ijumaa. Ndipo alipoanza kuja mahakamani mama mmoja kutoka kijiji kilicho mbele ya Isikizya. Alikuwa ameachwa na mumewe, na yule bwana alimchukua binti yao wa miaka mitano akaenda kumficha kwa ndugu zake. Mama aliomba mahakama imwamuru amrudishe mtoto. Hakuwa na ombi lingine.

Shauri lake liliahirishwa mara nne. Mara mdaiwa hakutokea, mara hakimu kaitwa kwenye semina ya chama, mara jalada halionekani, mara mdaiwa hakutokea tena. Nayajua haya yote kwa sababu mume wangu, ambaye kwa kawaida alirudi nyumbani mdomo umefungwa, alianza kunisimulia. "Leo yule mama wa binti kaja tena. Katoka kwao alfajiri." Wiki mbili baadaye: "Yule mama kaja. Hata hakulalamika." Nikamwuliza kama wadai wengine hawana miguu, maana sisikii safari zao. Akacheka. Mimi sikucheka.

Mara ya tano nilijitanda kanga nikaenda kukaa benchi la nyuma mahakamani, nimwone. Alikuwa rika langu, mrefu, ana mwanya, na alikaa wima kama mtu asiye na shaka kwamba ataitwa. Mdaiwa hakuja. Hakimu akaahirisha kwa siku kumi na nne, akasema kwa ukali kwamba hiyo ni mara ya mwisho, na asiyekuwepo siku hiyo atajilaumu mwenyewe.

Mume wangu akatoka nyuma ya meza yake. Akavuta kamba nyembamba ya katani mfukoni, akaanza kuifunga mafundo, akihesabu kwa sauti hadi kumi na nne, kwa kuwa yule mama hakujua kusoma. "Kila asubuhi fungua moja. Asubuhi utakayofungua la mwisho, njoo." Kisha akamfunga ile kamba mkononi, polepole, isimbane.

Moyo ulinilipuka. Babu yake mume wangu alikuwa mpagazi wa misafara iliyopita mji huu, na alipokwenda pwani alimwachia mkewe kamba yenye mafundo, moja kwa kila mwezi utakaoandama, ili ajue lini atoke kumpokea. Hadithi hiyo mume wangu alinisimulia wiki ya harusi yetu, nami nililia kwa uzuri wake. Kwa hiyo kamba ile ilikuwa kamba ya mke. Mimi sikuwahi kupewa hata fundo moja.

Kana kwamba hayo hayakutosha, mchana akaja naye nyumbani. "Lori lake linaondoka alasiri. Mpe maji aoge, na chochote cha kula." Nikajikaza. Nikampa ndoo, nikampa sabuni. Alinishukuru, "Wabeja sana, dada," akaingia bafu ya uani, na kabla ya kuingia akaivua kamba isilowe, akaiweka juu ya jiwe. Mume wangu alikuwa sebuleni, kwenye kiti cha dirishani, amelala.

Sikupanga. Nasema hivyo, ingawa najua waovu wote husema hivyo. Niliiokota tu kuiangalia, nikahesabu mafundo aliyoyafunga kwa subira namna ile. Halafu nikafunga jingine mwishoni. Kazi ya pumzi mbili. Nikairudisha jiweni na kwenda kumpakulia wali, nikaongeza na mchuzi.

Siku ya kumi na nne, mume wangu alirudi amenyong'onyea. Mdaiwa alikuja, kwa mara ya kwanza. Alisimama, akaulizwa mdai yuko wapi, na mdai akaitwa mlangoni mara tatu. Hakimu akalifuta shauri, na yule bwana akatoka akipunga mikono. Nilisema, "Masikini." Ndani yangu kulikuwa na furaha ndogo, ya kichawi, na sitaificha.

Kesho yake mchana akaja naye tena. Yule mama alikuwa ameshika kamba iliyonyooshwa, haina hata fundo moja, akiionyesha kama cheti. Nikamsikia akisema, "Moyo uliniambia ni jana, bwana karani. Lakini kamba ikasema ni leo. Nikaamini kamba."

Mume wangu akaomba aione. Katani ina tabia moja: ukiifunga siku nyingi, hata ukiifungua hubaki na alama ya kujikunja pale fundo lilipokuwa. Akaipitisha kati ya vidole, alama moja baada ya nyingine, midomo ikicheza. Alipofika mwisho akarudia kuanzia mwanzo. Kisha akatazama dirishani, uani, pale penye jiwe. Kisha akanitazama mimi.

"Kosa ni langu, mama," akamwambia yule mama, kamba akaitia mfukoni. "Nilihesabu vibaya."

Ingekuwa nafuu kwangu angenipiga. Na yule mama, badala ya kumlaumu, akaanza kumtuliza: kila binadamu hukosea, bwana karani, usijali. Nilisimama na sahani mkononi nikiwaona wanavyosameheana juu ya kosa langu, na hata hapo, mbele ya mwanamke niliyemnyang'anya siku yake, nilimwonea wivu. Sijawahi kusikia mume wangu akiongea nami kwa sauti ile.

Alimwandikia ombi la kurejesha shauri, hakimu akakubali. Lakini hati ya kumwita mdaiwa ilirudi kama ilivyokwenda. Kijiji chake kilikuwa kimehamishwa wiki ileile. Wengine walisema watu wale wamepelekwa upande wa Ziba, wengine wakasema wametawanywa. Hati ya pili nayo ikarudi. Shauri likaahirishwa bila kutajiwa siku, na yule mama akaacha kuja mjini.

Mwezi uliofuata, bila mimi kuomba, mume wangu alikata tiketi mbili za garimoshi, tukaenda Ujiji. Alinifikisha kwa mama, akamwamkia, akanywa chai, akachukua mkoba wake.

"Utanifuata lini?" nikamwuliza mlangoni.

"Nitaleta habari."

Habari hazikuja. Mama yangu aliniuliza kila siku, kisha akaacha kuniuliza, na huko kuacha kukaniuma zaidi. Nililala na kuamka nikimwona yule mama amekaa kwenye kiti changu, anaoga kwa ndoo yangu. Mwezi wa tatu nikashindwa. Nilipanda garimoshi peke yangu, nimejiandaa kwa matusi njia nzima.

Nilimkuta peke yake, anakula viazi bila mchuzi. Hakukuwa na kanga ya mtu wala harufu ya mtu. Ila ukutani, juu ya kiti chake, palikuwa na msumari mpya, na ile kamba inaning'inia.

"Karibu," akasema. Akaenda kunichukulia sahani.

Hatukulizungumza jambo lile siku hiyo, wala mwaka huo. Nilifagia chini ya kamba ile miaka ishirini na zaidi, na sikuthubutu kuigusa. Wageni wakimwuliza ni ya nini, alijibu, "Ni ya shauri lililoahirishwa." Wao walidhani ni mzaha wa karani. Mimi nilijua anazungumza na nani, nikaenda jikoni.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi sikupata mtoto, lakini mjukuu huyo ninaye.

Alipofariki, wanawake waliokuja matangani walisafisha nyumba, na mmoja akaitoa kamba msumarini akitaka kuitupa na takataka. Nilimnyang'anya kwa nguvu hata akashangaa. Nilijifungia chumbani nikazihesabu zile alama, nyingine zimefifia. Zilikuwa kumi na tano. Nilipaswa kumfikiria yule binti, ambaye sasa ni mtu mzima mahali fulani, na huenda hajui kwamba mama yake alimfuata mara sita. Badala yake, Mungu anisamehe, nilikaa kitandani na eda yangu nikijiuliza kama miaka yote ile, akiitazama kamba, mume wangu alikuwa akiona fundo langu moja, au mkono wa yule mama.