Nilivyojifunga Kwenye Nguzo ya Meli

Kazi yangu ni kujenga matimba. Watu wakichimba duara, yaani shimo la dhahabu, hapa Rwamgasa, mimi ndiye ninayeshuka kupanga magogo ukutani ili udongo usiwafunike. Nimeifanya miaka ishirini na miwili. Kwa lugha yetu ya machimboni, kushuka kwenye duara kunaitwa kuzama. Ukiuliza fulani yuko wapi, unajibiwa, "Amezama tangu asubuhi," na hakuna anayeshtuka. Aliyezama atatoka, atanawa, atakwenda kula wali maharage kwenye banda la mke wangu.

Binti yetu mkubwa anafanya kazi Mwanza, kwenye kampuni inayopeleka watu matembezini. Mwaka jana alitupigia simu. Akasema mimi na mama yake tunatimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa na hatujawahi kupumzika hata siku moja, kwa hiyo ametukatia tiketi ya meli ya starehe: siku tatu ziwani, kutoka Mwanza kupitia visiwani hadi Bukoba, kisha kurudi.

Tulikuwa bandani, mke wangu akauweka mwiko chini. Sote wawili ni watu wa Shinyanga. Kule kwetu maji mengi ni lambo, na kiangazi kikikolea hata lambo lenyewe ng'ombe wanalikatiza kwa miguu.

"Baba watoto," akasema, "meli haiogopeshi?"

Nikacheka. Nilicheka mbele ya wateja wake wote, kijiko mkononi. Nikasema mtu aliyekaa chini ya ardhi miaka yote hiyo, juu yake mlima mzima wa udongo, hawezi kuogopa maji ambayo watu wanayanywa. Wachimbaji wakapiga meza kunishangilia. Sikuwaambia kwamba uzoefu wangu wote wa majini ulikuwa kivuko cha Busisi, kabla ya daraja kujengwa, na kwamba kila nilipovuka nilibaki ndani ya gari nikikazia macho mgongo wa kiti cha mbele.

Nilifungasha kama mtu anayekwenda kazini. Nilichukua tochi yangu ya kichwani na kamba mpya ya katani, maana fundi matimba hatembei bila kamba. Mke wangu alifungasha vitenge vitatu, kofia, na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, aliyoletewa na dada yake kutoka kijijini. Alipoiona kamba aliniuliza kama tunakwenda kuiba mbuzi.

Meli yenyewe haikuwa kubwa sana, lakini ilikuwa nyeupe na safi, na mabaharia walivaa sare zilizopigwa pasi. Nilipopanda tu nilianza ukaguzi. Niligonga kuta kwa kiungo cha kidole, nikasukuma milango, nikatingisha nguzo za ukumbi wa chakula moja baada ya nyingine. Nahodha, mwanamume wa makamo mwenye sauti ya upole, akanikuta ninaitingisha ya mwisho.

"Shikamoo, mzee. Kuna tatizo?"

"Marahaba. Hakuna. Nakagua tu. Usiwe na wasiwasi na mimi, mimi nimezama miaka ishirini na miwili."

Mama mmoja aliyekuwa anakunywa soda akaishusha chupa taratibu. Mke wangu akaanza kueleza kwa haraka kwamba mumewe ni mchimbaji, kuzama kwao si kuzama huku, lakini kila alivyolitaja hilo neno ndivyo watu walivyozidi kusogea mbali nasi. Nahodha aliniomba kwa adabu zote nitafute neno lingine kwa siku hizo tatu.

Siku ya kwanza ilinipa kiburi zaidi. Ziwa lilitulia kabisa. Tulipita visiwa vyenye mawe makubwa yaliyopandana, ndege weupe wamejipanga juu yake, na wavuvi wakatupungia mikono. Mke wangu alivaa kitenge kipya, akaketi kwenye kiti cha kulalia akiwa amefunga macho. Sijawahi kumwona akikaa bila kazi mkononi muda mrefu vile, na nilitaka kumwambia kuwa anapendeza. Badala yake niliwageukia abiria waliokaa jirani nasi, muuguzi mstaafu na mumewe, nikawahutubia kuhusu woga. Nikawaambia woga ni mazoea tu, kwamba ukishaushinda mara moja haurudi. Muuguzi alinisikiliza kwa uvumilivu mkubwa. Nadhani alikuwa amezoea wagonjwa.

Asubuhi ya pili tulikuwa tunakunywa chai, Bukoba bado mbali, nilipoona kikombe changu kinaondoka. Kiliteleza mezani polepole, kikapita sahani ya maandazi, kikafika kwa mke wangu. Akakishika, akanirudishia. Kikaenda tena. Mara ya tatu meza nzima ikainama na kila kilichokuwa juu yake kikaenda chini.

Nje mbingu ilikuwa imegeuka rangi ya masizi upande mmoja. Upepo ulikuja kwa kishindo, ukifuatiwa na mvua inayopiga madirisha kwa ubavu na kuvujia ndani, halafu mawimbi. Sikujua kwamba ziwa lina mawimbi ya namna ile. Meli ilikuwa inapanda, inapanda, inasimama kidogo kama inafikiri, kisha inaporomoka. Baharia akaingia ukumbini akatutangazia kwamba ni dhoruba ya kawaida ya ziwa, kila mtu avae jaketi la kuokolea maisha, tuketi sakafuni, tusitoke nje.

Watu wote waliketi sakafuni. Mke wangu aliketi. Muuguzi aliketi na mumewe. Mimi peke yangu nilibaki nimesimama, maana miguu ilikataa kukunjika. Sikio langu lilikuwa linasikiliza milio ya meli. Chini ya ardhi, gogo likilia namna ile una dakika moja ya kutoka, na hapa kila kitu kilikuwa kinalia kwa pamoja na hakukuwa na ngazi ya kupanda.

Ndipo nikaikumbuka kamba. Nilitambaa hadi kwenye mkoba wetu, nikaitoa, nikaikumbatia nguzo ya katikati ya ukumbi, nikajizungusha mara nne kiunoni na mara mbili kifuani, juu ya jaketi, nikafunga fundo letu la kushushia magogo. Sifa ya fundo hilo ni moja: kadiri mzigo unavyovuta, ndivyo linavyokaza. Nilijivalisha na tochi kichwani pia, nikaiwasha. Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi.

"Baba watoto," mke wangu akaniita kutoka chini, "meli ikizama, utatokaje hapo?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilitaka kumjibu jambo la kiume, lakini wimbi likatupiga ubavuni, na kilichotoka kinywani mwangu kilikuwa "Mayu wane!" kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia tangu utotoni. Mama yangu, Mungu amrehemu, hakujibu. Mimi nina miaka hamsini na mitatu.

Baada ya hapo nilitapika. Muuguzi aliniletea mfuko wa plastiki, akaja kwa magoti, akiyumba huku na huku. Alinishikia paji la uso kama unavyomshikia mtoto wa chekechea. "Pole, mzee," akasema. "Woga ni mazoea tu." Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana iliniuma.

Kisha nikaanza kuahidi. Niliahidi kwa sauti, kwa sababu upepo ulikuwa mkali na sikuwa na uhakika Mungu ananisikia. Niliahidi kwenda kanisani kila Jumapili. Niliahidi kuwatembelea wakwe zangu bila kungoja msiba. Niliahidi kuacha kumkatiza mke wangu anapoongea. Niliahidi kuliezeka upya jiko lake, ambalo linavuja tangu mtoto wetu wa mwisho aanze shule.

"Hilo la jiko lirudie," mke wangu akapaza sauti. "Huyu mama hakulisikia vizuri."

"Nitaezeka!" nikapiga kelele.

"Nimesikia," akasema muuguzi.

Watu wakacheka. Ukumbi mzima, watu waliolowa, waliopauka kwa kichefuchefu, walicheka, na kila wimbi lilipokuja mtu mmoja aliuliza, "Mzee, na nini kingine?" Baadaye wengi waliniambia niliwasaidia sana kuvumilia. Nakiri haikuwa nia yangu.

Muda wote huo mke wangu alikuwa ameketi miguuni pangu, mkono mmoja umeshika kifundo cha mguu wangu. Kwa mkono wa pili alikuwa anatafuna michembe kidogo kidogo, akisema inatuliza tumbo. Alinipa kipande. Nilikirudisha kwa njia niliyoitaja.

Dhoruba ilidumu karibu saa mbili, halafu ikaondoka kama ilivyokuja. Jua likatoka. Tulipoingia Bukoba maji yalikuwa yanameremeta kana kwamba hayakufanya lolote. Abiria wakasimama, wakachukua mizigo yao, na mimi nikaanza kufungua fundo.

Halikufunguka. Katani ikilowa inavimba, nami nilikuwa nimelivuta kwa uzito wangu wote kwa saa mbili. Nilijaribu kwa vidole, nikajaribu kwa meno pale nilipofika. Mke wangu akajaribu. Baharia mmoja akajaribu, akamwita mwenzake, wakakiri kwamba fundo hilo hawajawahi kuliona. Kwa sekunde chache, Mungu anisamehe, nilijisikia fahari.

Abiria walipita mmoja mmoja wakielekea mlangoni. Ilibidi wapite mbele yangu. "Pole, mzee." "Ubaki salama, mzee." Mume wa muuguzi alinipa mkono, kisha akagundua mkono wangu wa kulia haufiki.

Katikati ya hayo simu ya mke wangu ikalia. Alikuwa binti yetu, amesikia ziwa limechafuka. Mke wangu akamwambia tuko salama, tumefika.

"Na baba amefurahi?"

"Sana," akasema mke wangu, ananitazama. "Meli imemwingia moyoni. Ameshindwa kabisa kuachana nayo."

Mwishowe alikuja nahodha mwenyewe na mpishi mwenye kisu cha kukatia mikate. Niliwaomba wakate karibu na fundo, kwani kamba ilikuwa mpya. Nahodha alinitazama kwa muda, akamwambia mpishi akate popote.

Tulikwenda kukaa kwenye benchi nje ya bandari. Ardhi bado ilikuwa inaninyanyua na kunishusha. Mke wangu alininunulia soda ya tangawizi, akaketi kando yangu, na kicheko kikamtoka sasa bila kizuizi, mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Nikamngoja amalize. Alipomaliza aliwatazama watu wanaoshusha ndizi kwenye lori.

"Uliogopa sana," akasema.

"Niliogopa."

"Uliogopa saa mbili." Hakunitazama. "Mimi huwa naogopa tangu unapozama hadi unapotoka. Kila siku. Mvua ikinyesha naacha kupika, nasimama mlangoni mwa banda. Mtu akipita anakimbia, simwulizi anakimbilia nini, nangoja asiseme jina lako."

Miaka ishirini na miwili nilikuwa natoka duarani, namkuta amesimama mlangoni, na nilidhani anapunga upepo kwa sababu ya joto la jiko. Nilikuwa namtania kwamba ni mvivu. Nilitaka kumwambia jambo la maana pale kwenye benchi, lakini soda ilinipanda puani, nikakohoa hadi akanipiga mgongoni.

Nilikuwa nimeshaamua kurudi kwa basi, yeye amalizie safari yake kwa meli. Njia naijua: Biharamulo, Runzewe, unazunguka hadi nyumbani, ardhi kavu mwanzo hadi mwisho. Nilikuwa nimeshamwuliza mtu stendi iko wapi. Baada ya maneno yale sikuweza kumwambia apande meli peke yake.

Kwa hiyo kesho yake nilipanda. Nahodha aliniona, akatazama mkoba wangu, akaniomba radhi, akaukagua. Ziwa lilikuwa limelala kama maji ya beseni. Hakuna hata kijiko kilichotikisika. Nilivaa jaketi la kuokolea maisha kabla hatujaondoka, nikalala sakafuni karibu na mlango, na nikabaki hapo safari nzima, watoto wakiniruka wanapocheza. Kila baada ya muda nilimwuliza mke wangu kama anaona wingu. Alikuwa kwenye kiti chake cha kulalia, kofia usoni.

"Hakuna wingu," alinijibu kila mara, na hakuchoka, au kama alichoka hakunionyesha.

Tulipofika Rwamgasa wachimbaji walikuwa wanatungoja bandani. Walitaka habari. Nilikaa, nikapewa chai, nikanyoosha miguu. Nikawaambia dhoruba ilikuwa kubwa, mawimbi marefu kuliko nyumba, watu wazima wanalia, na mimi nikasimama imara katikati ya ukumbi, sikuyumba hata kidogo.

Kutoka jikoni mke wangu akakohoa.

Nikaiweka chai chini, nikaanza upya.