Cherehani Iliyokwama Stesheni

Nimeketi kwa fundi nikingoja gauni la kanisa, na harufu ya mafuta ya cherehani yake imenirudisha utotoni, mtaani Laini Saba, kwenye mlango wetu kando ya reli, mama akishona sare za watoto wa majirani kwa mkono.

Alikuja mwanamume mwenye viatu vinavyong'aa. Alisema mjomba ametutumia cherehani kutoka Mombasa, imekwama stesheni, imebaki tu pesa ya mkokoteni. Moyo uliniruka. Vidole vya mama vilikuwa vimejaa alama za sindano. Nikamvuta mama leso, pale pembeni alipofunga pesa ya kodi ya nyumba, ili amlipe.

"Ilete," mama akasema. "Mkokoteni nitaulipa ukifika hapa."

"Mama, itauzwa!" yule mtu akasema. "Unataka nirudi mikono mitupu?"

"Si ulikuja nayo mitupu?"

Majirani wakaangua kicheko. Yule mtu akafoka, "Utakufa ukishona kwa mkono!"

"Nitashona, na nitalala kwangu. Mungu akinipa kitu hanidai kwanza."

Nililia mpaka nikalala. Mwisho wa mwezi mwenye nyumba alikuja, akalipwa, akaenda zake.

Sasa simu yangu inaita. Kijana nisiyemjua ananipongeza: nimeshinda pikipiki, nitume tu kitu kidogo cha usajili.

"Ilete hapa kwa fundi," namwambia. "Nitalipa nikiiona."

"Wacha basi, mathe! Utazeeka ukitembea na miguu!"

"Nitatembea, mwanangu. Mungu aliponipa hii miguu hakuniomba pesa ya usajili."