Ndege Katika Nyumba Yangu

Kwetu Mutsamudu nyumba ni ya mwanamke. Baba humjengea binti yake, na mume huingia humo na sanduku lake la nguo. Wakikosana, hulibeba sanduku lake akashika njia. Kuta, vitanda, masufuria na hata paka, vyote hubaki. Wageni wakisikia hivyo hucheka. Wacheke. Mimi Koultoumi nina nyumba ya mawe chini ya ngome, na Kaambi alipokuja mwaka 1979 alikuja na sanduku moja la mbao na kisanduku cha spana. Niliviona vyote viwili vikipita mlangoni, na sikuona kingine.

Alikuwa fundi wa injini za magari, mpole mpaka anakera. Alizaliwa Majunga, huko kwenye kisiwa kikubwa cha Bukini. Watu wetu waliposhambuliwa kule, kaka yake Ousseni aliuawa mlangoni pa duka lake, na Kaambi akarudishwa Komoro kwa ndege pamoja na maelfu ya wengine, na shati alilovaa. Huku wenyeji wakawabandika jina la shirika la ndege lililowaleta, kana kwamba walikuwa mizigo yake. Kaambi alikuwa haitiki akiitwa hivyo. Habari za Majunga hakuzisema kamwe. Za ile ndege alizisema, jinsi sakafu yake ilivyotetemeka chini ya miguu yake na jinsi alivyojua kwamba sasa hakuna wa kumfikia.

Mwaka 1982 alivuka kwa boti kwenda Moroni kutafuta vipuri vya gari la mtu. Kwenye uwanja wa ndege wa zamani wa Ikoni akaona ndege ndogo ya viti viwili, ya mbao na kitambaa, kuku wametaga ndani yake. Ilikuwa ya mjane wa Kifaransa aliyekuwa akifunga mizigo arudi kwao. Mume wangu akauza ng'ombe wawili akainunua. Ng'ombe hao walikuwa wa harusi yetu kubwa, ile ambayo mume asipoifanya, mkewe hukaa nyuma katika kila shughuli mpaka anazeeka.

Nilikuta wachukuzi mlangoni na kitu kirefu kama jeneza.

"Hii ni nini, Kaambi?"

"Ndege."

"Mbona haina mabawa?"

"Yanakuja na boti ya Alhamisi."

Kweli yakaja. Vichochoro vyetu ni vya kupita kwa miguu, na bawa halikuweza kukata kona hata moja. Tukalipitisha juu, kwenye mapaa na vile vivuko tunavyopita wanawake tukienda kutembeleana bila kushuka njiani. Majirani walishika mbele wakicheka, nami nilishika nyuma nikitukana.

Kwa karibu miaka mitatu ndege ikakaa ukumbini kwangu, mabawa ukutani, injini uani juu ya kigogo. Kaambi akilala hoi kwa kazi za watu, akiamka anasugua kutu. Vitambaa vyote vya mabawa vilikuwa vimeoza. Akanunua kitani sokoni Volo Volo, kule Moroni, akajaribu kushona mwenyewe. Mimi ni mshona kofia. Mtu anayejua kutarizi hawezi kukaa akitazama mshono ule.

"Kikikunjamana hivyo itaanguka," nikamwambia.

"Najua."

"Basi lete sindano."

Nikashona bawa la kwanza, ubavu kwa ubavu, kila shubiri fundo. Nikashona na la pili. Nilikuwa nikimwambia nafanya ili niondokane na uchafu ule nyumbani kwangu, na huo ulikuwa uongo. Niliipenda kazi ile. Alipopaka dawa ya kukazia, kitambaa kikavutika kikawa kama ngozi ya ngoma, nikakigonga kwa kidole siku nzima.

Ikafika 1985. Mamluki wa Kizungu walikuwa wametawala roho zetu kwa miaka saba. Waliingia nchini kwa bahari, wachache tu, wakaipindua serikali usiku mmoja, na mwizi humwogopa mwizi: walichunguza kila kitu kinachoweza kuja bila kutarajiwa. Mwezi wa tatu askari wa kikosi chao wakajaribu kuwaasi huko Ngazija. Baada ya hapo watu wakawa wanachukuliwa majumbani. Wengine walirudi hawawezi kushika kijiko. Kaambi akafunika injini kwa mkeka, akasema tusubiri.

Tungesubiri, kama si mdomo wangu. Nilikwenda kwenye harusi ya watu, nikakalishwa nyuma, na mwanamke mmoja akaniuliza mbele ya wote, "Koultoumi, ndege yako bado haijataga?" Walicheka mpaka wakashika mbavu. Nilirudi nyumbani ninawaka.

"Iwashe," nikamwambia Kaambi.

"Siku hizi si nzuri, mke wangu."

"Siku mbaya ni ile niliyokubali posa yako. Kula ng'ombe wangu umekula, hata sauti sitaisikia? Iwashe!"

Akaondoa mkeka. Akazungusha pangaboi mara tatu, na mara ya nne injini ikashika.

Ee Mungu wangu! Katika mji wa mawe, ua umezungukwa na kuta, sauti ile haikuwa na pa kutokea. Vyombo vilianguka. Njiani watu walipiga kelele kwamba mji unashambuliwa, wakakimbilia msikitini. Kaambi akaizima upesi. Uso wake ulijaa machozi na alikuwa anacheka, na mimi nilikwisha kujua nilichofanya. Mdomo umekiponza kichwa, tena kichwa chenyewe si changu.

Walikuja kesho yake saa tatu asubuhi. Gari lao la jeshi walikuwa wameliacha ufukweni, wakapanda kwa miguu: luteni wa Kizungu mwenye jasho na hasira za kupotea vichochoroni, askari wanne, na Mouhidine wa mtaa wa pili, mkalimani wao. Kofia aliyovaa Mouhidine siku ya harusi yake niliitarizi mimi. Sasa hakunitazama.

Wakampigisha Kaambi magoti ukumbini, mikono kichwani. Luteni akazunguka ndege akigusa mabawa kwa fimbo.

"Anauliza ni ya nani," Mouhidine akasema. "Na nani kakutuma, na unataka kuruka nayo kumwendea nani."

Nikamwona Kaambi anafungua mdomo. Nilimjua mume wangu, angesema ni yake, angesema ukweli wote mpaka habari za kuku, na wangempeleka Moroni kambini kwao. Macho yake yalikuwa hayapo pale. Yalikuwa Majunga, mlangoni pa duka.

"Ni yangu," nikasema.

Luteni akageuka.

"Mwambie, Mouhidine. Nyumba hii ni ya nani?"

"Ni yako, bweni Koultoumi," akasema, akinipa heshima ya bibi.

"Na kilichomo?"

"Ni chako."

"Na mume, cha kwake ni nini?"

"Sanduku la nguo."

"Basi mfasirie hivyo hivyo, usipunguze."

Akafasiri kirefu, akaongeza na habari ya kofia zangu. Luteni akacheka kwa pua. Akataka kujua mwanamke wa kofia anajua nini habari za ndege. Nikachukua kofia kutoka kapuni nikaiweka juu ya bawa, fundo kwa fundo, uzi uleule, mkono uleule. Akainama akatazama kwa muda mrefu. Nikadhani tumepona.

Akasema maneno machache. Mouhidine hakufasiri mpaka alipokaripiwa.

"Anasema, kama ni yako, ivunje. Ukikataa, ni ya mumeo, na mumeo anapanda gari."

Nikaenda jikoni nikachukua shoka la kuni. Pigo la kwanza nililipiga kwenye kitambaa, katikati ya mbavu mbili, mahali ninapojua panashoneka. Luteni hakuwa mjinga. Akaweka fimbo kwenye ule mti mkuu unaobeba bawa zima, akasema, "Hapa."

"Koultoumi," Kaambi akaniita. Mara moja tu, taratibu.

Sikumtazama. Ningemtazama nisingeweza. Nilikata mti ule, kisha mbavu, kisha bawa la pili, ninalia na kukata, mpaka kiganja kikachubuka na ukumbi ukajaa vibanzi. Walipotosheka walibeba pangaboi mabegani, wakaondoka. Mouhidine alikuwa wa mwisho. Alitaka kusema neno, nikamfungia mlango.

Kaambi hakusema nami siku sita. Alikula nilichompa, akaswali, akakaa ukumbini akitazama vibanzi. Nilimwambia nisamehe, ni mimi niliyekulazimisha uiwashe. Nilitamani anipige kelele, na mtu yule hajui kupiga kelele.

Siku ya saba nilimkuta chumbani amelivuta sanduku lake katikati, amelifungua, anatoa nguo. Mume akilishika sanduku lake kwetu, hakuna wa kuuliza kulikoni. Nikasimama mlangoni, na kiburi changu chote kikanikauka kinywani.

Alitoa shati moja moja. Kila lililotoka alilikunja, akaliweka kwenye kabati langu, kwenye rafu ya chini, kando ya nguo zangu za shiromani. Kanzu ya Ijumaa, suruali za kazi, zote. Sanduku lilipobaki tupu akalibeba mpaka ukumbini, akapiga magoti, akaanza kuzipanga ndani yake mbavu za mabawa, nzima na zilizovunjika, kila moja kaifunga karatasi yenye namba.

Nikaketi kando yake, nikaanza kumpa vipande. Tulifanya hivyo mpaka adhana ya adhuhuri.

"Kitani kimebaki?" akaniuliza.

"Kimebaki," nikasema.